Damu Ichukuliwe Kabla ya Saa Nne

Kijana aliyekuwa mpiganaji wa miaka 20 siku Kampala inaanguka katika Vita vya Kagera, Aprili 11, 1979, sasa anaelekea 70. Singida inao wanaume hao kama ilivyo mikoa mingine. Wako Ikungi na Nduguti, wako Kiomboi na Itigi, wanalima alizeti, vitunguu na uwele, wanafuga kuku, na Julai 25, Siku ya Mashujaa, wachache wao huvaa nishani. Nyuma yao wanakuja wadogo zao waliostaafu jeshini baada ya kupita Anjouan, kule Komoro, mwaka 2008, Darfur, Lebanoni na mashariki ya Kongo. Makundi hayo mawili yametenganishwa na miaka thelathini, lakini yanakutana kwenye jambo ambalo halisemwi hadharani: mwili uliochoka kuliko umri wake, unyumba uliopoa, usingizi usioshibisha, hasira za karibu.

Marekani, mwanajeshi mstaafu mwenye malalamiko hayo ana idara nzima ya serikali yenye hospitali zake. Atapimwa homoni ya kiume, testosteroni, na ikionekana pungufu ataandikiwa sindano au jeli ya kujipaka. Mwenzake wa Singida, akipata ujasiri wa kulalamika, huishia kwa muuza unga wa kuongeza nguvu pale stendi. Mtu akitaka kumsaidia huyu wa pili, shauku ya kwanza ni kumtafutia dawa. Mimi naona tuanze na kipimo, kwa sababu bila kipimo dawa itawafikia wasioihitaji na kuwapita wenye haki nayo.

Testosteroni hutengenezwa kwenye korodani kwa amri ya tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Ndiyo inayojenga sauti nzito, ndevu na misuli, hukaza mifupa, huamsha hamu ya tendo la ndoa na husaidia kutengeneza damu. Wanasayansi waliitenga na kuitengeneza maabara mwaka 1935, na Adolf Butenandt na Leopold Ružička wakapewa Nobeli ya kemia mwaka 1939, Butenandt kwa kazi yake ya homoni za jinsi. Kwa hiyo dawa hii ina umri mkubwa kuliko jeshi letu, lililoundwa Septemba 1964. Haina siri. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiitaja testosteroni ya sindano katika orodha yake ya dawa muhimu, na daktari yeyote wa magonjwa ya ndani ameisoma chuoni.

Upungufu wake huja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni korodani zenyewe kuharibika: jeraha, matubwitubwi ya ukubwani, saratani na mionzi yake, au maumbile ya kuzaliwa. Ya pili ni amri kukatika juu, pale pituitari inapobanwa na uvimbe, inapoumizwa na pigo la kichwa, au inapozimwa na dawa kali za maumivu zinazotumiwa muda mrefu. Kisha kuna kundi kubwa la katikati, la wanaume ambao homoni imeshuka kidogo kwa umri, unene, kisukari, ini bovu au ugonjwa wa muda mrefu. Baada ya ujana kiwango hushuka taratibu, kama asilimia moja kwa mwaka, na wanaume wengi huzeeka hivyo bila kuhitaji sindano ya mtu yeyote.

Kwa nini basi tuwazungumzie wanajeshi peke yao? Kwa sababu ya vichwa vyao. Vita vya Kagera vilipiganwa kwa mizinga na kwa makombora ya kurushwa kwa mfululizo, yale ambayo watu wa Uganda waliyaita saba saba. Aliyeyapiga alisimama karibu na mlio wake siku baada ya siku, na aliyepigwa naye hakuwa na kofia ya kumkinga na wimbi la mlipuko. Siku hizo ukitoka bila damu ulihesabiwa mzima. Leo tunajua zaidi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani yalikuta kwamba zaidi ya robo ya watu walioumia ubongo walibaki na hitilafu ya pituitari kwa muda mrefu. Mwaka 2012 watafiti wengine wa huko walipima wanajeshi 26 waliopata mshtuko wa milipuko Iraki na Afghanistani, wakakuta 11 kati yao homoni haziko sawa. Kundi la watu 26 ni dogo, nami sitalitumia kupiga hesabu ya Singida. Linatosha kumfanya daktari aulize swali ambalo kwa kawaida halimo kwenye karatasi yake: mzee, uliwahi kupigwa na mlipuko, ukapoteza fahamu?

Swali hilo moja lingeweza kubadilisha maisha ya watu. Pituitari iliyoumia haiishii kwenye testosteroni. Inaweza kukata pia amri ya tezi ya shingoni na ya tezi zilizo juu ya figo, na hiyo ya mwisho ikikosekana mtu anaweza kufa kwa homa ambayo jirani yake angeipona. Mwanamume aliyekuja kwa aibu kuzungumzia unyumba anaweza kuwa amekuja, bila kujua, kuokoa roho yake.

Hata asipokuwa na jeraha, dalili ile ile ina wazazi wengi. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wazima wa umri wa miaka 25 hadi 64. Watafiti wa Muhimbili, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014, waliwahoji wanaume 312 wenye kisukari wakakuta zaidi ya nusu wana tatizo la nguvu za kiume. Ongeza presha na baadhi ya dawa zake, ongeza sonona ya mtu aliyezika wenzake porini na hakuwahi kuulizwa, ongeza pombe. Kumpa mtu wa namna hiyo testosteroni bila kumpima ni kumwacha na ugonjwa uliomleta. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, ndiyo maana huziba mapema. Daktari makini akisikia nguvu zimepungua, mkono wake huenda kwanza kwenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, vitu ambavyo hata kituo cha afya cha kata kinapaswa kuwa navyo.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe, maana hapa ndipo mkoa huu unapoonekana jinsi ulivyo.

Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Damu ichukuliwe asubuhi, kabla ya saa nne, mtu akiwa hajala. Akiwa na malaria au homa yoyote asipimwe, kwa sababu ugonjwa wa ghafla huishusha homoni kwa muda. Na kipimo kimoja hakitoshi: miongozo inataka asubuhi mbili tofauti, zote zionyeshe pungufu. Madaktari wa mkojo wa Marekani wameweka mstari kwenye nanogramu 300 kwa desilita, wengine wameuweka chini kidogo. Baada ya hapo hupimwa homoni za pituitari, ili ijulikane kama kosa liko juu au chini.

Karatasini ni mistari mitano. Mtoe sasa mzee wilayani Mkalama. Ili awe kwenye kiti cha maabara ya mjini Singida kabla ya saa nne, bila kula, itabidi afike jana yake na kulala gesti au kwa ndugu. Asubuhi atakaa foleni ya kadi, kisha foleni ya daktari, kwa sababu maabara haichukui damu bila karatasi ya daktari, na saa nne itamkuta bado hajaonwa. Mpimaji atachukua damu saa sita, kwa nia njema kabisa, na majibu yatakuja chini kuliko hali halisi. Mashine ya homoni nayo ina vitendanishi vyake, ambavyo huisha muda visipotumika, na hospitali yenye wagonjwa wawili wa homoni kwa mwezi haina sababu ya kuviagiza. Sampuli itapozwa isafirishwe, au mgonjwa mwenyewe ataambiwa aende Dodoma, kilomita kama 240, iliko Hospitali ya Benjamin Mkapa. Halafu aambiwe arudi asubuhi nyingine kwa kipimo cha pili. Mzee wa pensheni ndogo ataamua nini? Ataamua kunyamaza. Mimi simlaumu.

Anaponyamaza hospitalini, mtaani hanyamazi. Kuna vumbi la Kongo, kuna mkuyati, kuna chupa za asali zenye vitu ndani yake, kuna vidonge vya bluu vinavyouzwa kimojakimoja kwenye karatasi ya gazeti. Sitaki kuikejeli miti shamba. Nchi ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala kwa sheria ya mwaka 2002, na wapo waganga wanaofanya kazi yao kwa haki. Hatari iko kwenye ule unga usio na jina la aliyeutengeneza, ambao mara nyingi umechanganywa kimyakimya na dawa ya hospitali ya kusimamisha uume. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayeweka kidonge cha nitrati chini ya ulimi, akiuchanganya na unga huo, presha yake inaweza kuporomoka akafia chumbani. Familia itaona haya kueleza, na kifo kitaandikwa kuwa cha ghafla. Testosteroni yenyewe nayo hupita milango ya pembeni, ikiuzwa kwa vijana wanaotaka kutunisha misuli, bila kipimo chochote.

Wapo watakaosema kwamba basi turahisishe: tuilete sindano, tuwape wazee wetu, wameteseka vya kutosha. Naielewa huruma hiyo, na ningeikubali kama Marekani isingekuwa imetuonyesha inakoelekea. Watafiti walipochambua wanaume walioandikiwa testosteroni katika hospitali za wastaafu wa jeshi wa Marekani kati ya 2009 na 2012, walikuta asilimia 3.1 tu ndio waliopimwa kama miongozo inavyotaka. Takribani mmoja kati ya sita hakupimwa testosteroni hata mara moja kabla ya kuandikiwa. Hiyo ni nchi yenye mashine kila kona. Dawa ilikimbia mbele ya kipimo kwa sababu matangazo yaliwaambia wanaume kwamba uchovu wote ni homoni.

Na faida yake ni ya wastani kuliko inavyotangazwa. Majaribio makubwa yaliyotolewa mwaka 2016, ya wanaume 790 wa miaka 65 na kuendelea waliokuwa na kiwango cha chini, yalionyesha hamu na uwezo wa tendo la ndoa vikipanda kiasi, na hisia za mtu zikitengemaa kidogo, lakini uchovu haukuondoka kama walivyotarajia. Jaribio jingine la wanaume zaidi ya 5,200 wenye ugonjwa wa moyo au walio hatarini, lililochapishwa mwaka 2023, lilituliza hofu ya zamani: mshtuko wa moyo na kiharusi havikuongezeka. Hata hivyo mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yaliongezeka, na donge la damu kwenye mapafu pia. Mwenye saratani ya tezi dume haanzishiwi. Mwenye damu nzito haanzishiwi. Na huyu mstaafu kijana wa miaka 40 aliyerudi kutoka Kongo, aliyeoa upya na anatafuta mtoto, anapaswa kuambiwa kwa lugha nyepesi kwamba testosteroni ya sindano huzima utengenezaji wa mbegu. Zipo dawa nyingine kwa hali yake. Kumchoma bila kumwambia ni kumdhulumu.

Baada ya kuchuja hivyo, wanabaki wangapi? Wachache. Lakini kwa hao wachache hoja ina nguvu kama ya insulini. Aliyepoteza korodani kwa bomu la ardhini, au aliyepoteza pituitari, hana akiba ya kuchezea. Bila homoni mifupa yake itakonda, misuli itayeyuka, damu itapungua, ndevu zitaacha kuota, na atajiona si mtu. Huyo ana dai kwa nchi yake, na dai hilo ni la maisha yote.

Tiba yenyewe si ngumu kuitoa. Dawa iko kwenye mafuta, nzito, na muuguzi mzoefu huishika ampuli kiganjani kwanza ipate joto ndipo aivute taratibu kwa sindano nene. Huchomwa ndani ya msuli wa kalio, polepole, kila baada ya wiki mbili au tatu kwa aina ya kawaida. Ipo aina nyingine ya kukaa kama wiki kumi hadi kumi na nne, ambayo ni ghali na inataka mgonjwa aangaliwe kwa nusu saa baada ya kuchomwa. Kwa aina ya kawaida, siku za mwanzo mtu hujisikia amefufuka, na siku za mwisho kabla ya sindano inayofuata huzama. Ndiyo maana kukatizwa ni kubaya: korodani zilizokuwa zikifanya kazi kidogo zimeshalala kwa sababu dawa iko mwilini, na dawa ikikosekana ghafla anabaki hana hata kile alichokuwa nacho. Bohari ya Dawa ikileta mwezi huu na kuruka miezi mitatu, ni heri isingeanza.

Nani amchome? Katika zahanati za vijijini Singida wanawake huchomwa sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Ile nayo ni homoni. Ina kadi, ina tarehe ya kurudi, ina daftari, na muuguzi anaijua. Hakuna kinachomzuia muuguzi huyo huyo kumchoma mzee aliyepimwa mjini na kurudishwa na barua ya daktari, kisha kila baada ya miezi michache mzee akapimwa wingi wa damu katika hospitali ya wilaya na tezi dume kila mwaka. Wanaume wetu wamezoea kuiona zahanati kama mahali pa mama na mtoto. Nafikiri sehemu ya uchungu huu imetokana na hilo: tuliwajengea wanawake njia ya kuzungumzia miili yao na mhudumu, kazi ya miaka mingi na ya kupongezwa, na wanaume tukawaachia stendi.

Kuhusu malipo, mstaafu na mstaafu si sawa. Askari aliyemaliza utumishi wake ana pensheni ya Hazina. Kima cha chini cha pensheni kilipandishwa mwaka 2015 kutoka shilingi 50,114 hadi kama 100,000 kwa mwezi, na nauli ya Dodoma kwenda na kurudi mara mbili pamoja na kulala ilikuwa pigo kwa kiasi hicho. Hospitali kuu ya jeshi ni Lugalo, Dar es Salaam, kilomita takribani 700 kutoka Singida mjini; hata inapomfungulia mstaafu mlango, mlango uko mbali. Mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya anategemea kitita: kama kipimo na dawa vimo, anapita, kama havimo, kadi haimsaidii kwa hilo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua nafasi ya kuvipanga vitita upya, na wanaowasemea wanajeshi wastaafu, Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania wakiwemo, wana sababu ya kukaa mezani wakati huu kuliko kusubiri malalamiko yalundikane. Afrika Kusini iliandika haki ya matibabu ya wanajeshi wake wastaafu ndani ya sheria mwaka 2011. Uganda iliunda bodi ya kuwasaidia wastaafu wake kwa sheria ya 1992. Kuandika hakutoshi, ila kilichoandikwa kinadaiwa.

Tena si lazima kuanza na jengo. Wastaafu wanaolipwa na Hazina huitwa mara kwa mara kwenye uhakiki, wakae foleni na vitambulisho vyao ili ithibitike kwamba wako hai. Foleni hiyo ingewekewa meza moja ya muuguzi: presha, sukari, kiuno, na karatasi ya maswali manne, la mlipuko likiwa la kwanza. Wenye majibu ya kutia shaka wapewe siku moja ya mwezi katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, siku ya wastaafu, maabara ikichukua damu kuanzia saa moja asubuhi kabla ya foleni ya daktari. Sampuli thelathini zikija pamoja zinalipia vitendanishi, mbili hazilipii. Tangu 2024 madaktari bingwa wa kampeni ya Rais Samia wamekuwa wakienda hospitali za halmashauri, na miongoni mwao yumo daktari wa magonjwa ya ndani. Akiwekewa majibu mezani, anaweza kuamua nani aanze dawa, nani atibiwe kisukari, nani apelekwe hospitali ya afya ya akili ya Mirembe au kwa mshauri nasaha kwa sababu usingizi wake bado uko Uganda. Makiungu, Itigi na Iambi, hospitali za makanisa ambazo watu wa vijijini wamezitegemea kwa muda mrefu, zinaweza kuwa vituo vya kuchukulia damu ili mtu asilale mjini.

Kuna mmoja bado hajaingia kwenye mpango huu. Ni mgambo. Mwaka ule wa vita jeshi lilipanuka ghafla kutoka kama watu 40,000 hadi zaidi ya 150,000, na makumi ya maelfu miongoni mwao walikuwa wanamgambo waliotolewa vijijini, wakapigana, wakarudi kwenye mtama wao. Haitwi kwenye uhakiki kwa sababu Hazina haina jina lake, na kitita cha mstaafu hakimhusu. Lakini mlipuko haukuuliza nani ana namba ya jeshi. Kwake umebaki mlango mmoja, dirisha la wazee, unaotokana na sera za nchi za kuwatibu bila malipo wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Dirisha hilo likiishia kwenye kumwona daktari, na kipimo kikawa cha kulipia, atarudi na karatasi mfukoni. Kwa hiyo msamaha wa wazee Singida ufike mpaka maabara, vipimo vya homoni viwemo, na anayejaza kadi pale dirishani aandike mstari mmoja zaidi chini ya umri na kijiji: alikuwa Kagera.